Mashine Inatetema, Lawama Napewa Mimi

Jirani, kaa kwanza. Agiza chai, ila utalipa mwenyewe, mimi hali yangu unaijua. Unauona huu mkono? Leo umetulia. Mwezi uliopita ungenipa kikombe nusu ya chai ingeingia tumboni, nusu ingenywewa na shati. Nikitoka baharini nimeshika mkono wa mashine tangu alfajiri, vidole vinaendelea kutetema vyenyewe mpaka isha. Nakata tonge, tonge linarudi sahanini. Namenya ndizi, ndizi inaruka. Mama watoto akaanza kuninusa. Ananinusa shingo, ananinusa kofia, hasemi kitu.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Mkuranga. Nikampokea kwa heshima zote. Shikamoo mama, karibu mama, za safari mama. Nikaamua kumpelekea chai mwenyewe, mkwe mwenye adabu. Kikombe na sosa vikagombana njia nzima kutoka jikoni. Mama akapokea, akaniangalia juu mpaka chini, akamgeukia binti yake: "Ameanza lini?" Siku ile nilikuwa nimekunywa maji, jirani. Maji ya bomba!

Kisa chote ni mashine. Injini ya boti, hii ya kupachika tezini. Zamani nilikuwa na tustroki, unachanganya petroli na oili, unavuta kamba, moshi unawapita hadi kunguru. Ilikuwa na kelele zake lakini tulizoeana. Dalali mmoja akaniona mjinga. Akaniambia mzee unateseka, chukua fostroki ya silinda mbili, haili mafuta, ukiiwasha hutajua kama imewaka. Nikauza ile, nikakopa, nikanunua mtumba. Kweli, nilipoiwasha sikujua kama imewaka au tumegonga mwamba.

Ikawa inatetema. Siyo kidogo. Simu iliyokuwa juu ya ubao ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, ikajitupa baharini. Nati zinafunguka zenyewe. Miwani inashuka puani, naipandisha, inashuka. Nahodha wangu akasema kuna jini kwenye hiyo mashine, mwenye mashine wa kwanza alifia baharini. Aliyajuaje hayo sijui, na jini la watu nalo lije kukaa kwenye mkopo wangu?

Nikajitibu. Nikabadilisha plagi. Nikanyoosha propela, maana walisema imepinda, na kweli ilikuwa imepinda, ikanyooka, mtetemo uko palepale. Nikaambiwa raba za injini zimekufa, zile zinazokaa kati ya mashine na kibano chake. Raba mpya bei yake unakaa chini. Nikakata ndala za mama watoto nikazishindilia. Kesi mbili kwa mkupuo mmoja: nyumbani naulizwa ndala, baharini ndala zimeyeyuka. Fundi wangu wa siku zote akakaza kila bolti anayoiona, akachukua hela, akaniambia tatizo ni mimi ninavyoishika.

Basi akapita pale Kunduchi dogo mmoja, kijana wa VETA, mwembamba, ana spana mfukoni na maneno machache. Akaisikiliza mashine. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho. Akasema, "Mzee wangu, hapa hakuna kilicholegea. Shafti ya balansi haijakaa mahali pake."

Nikatikisa kichwa mtu wa kuelewa. Akajua sijaelewa. Akasema, "Panda botini."

Boti inaelea maji ya kiuno, kamba imelegezwa. "Wewe ni pistoni. Kimbia omo, geuka, kimbia tezi. Haraka haraka." Jirani, mtu mzima mimi, suruali nimekunja magotini, nakimbia ndani ya boti mbele ya soko zima la samaki. Nikienda omo, boti inarudi nyuma. Nikirudi tezi, boti inakwenda mbele. Wachuuzi wameacha kupara samaki. "Umeona, mzee? Ni uzito wako tu. Unaondoka, unasimama, unageuka. Kila ukigeuka, chombo kinalipa." Uzito wangu! Na alisema kwa sauti.

Mashine za boti ndivyo zilivyo, akasema. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imesimama wima, silinda zimelala zikitazama nyuma, kwa hiyo pistoni zinakwenda na kurudi kwa usawa wa bahari, hivihivi unavyokimbia wewe. Na katika mashine yangu pistoni mbili zinakwenda pamoja na kurudi pamoja, ili kila mzunguko wa kranki upate mlipuko mmoja, silinda hii halafu ile. Tustroki yangu ya zamani ilikuwa moja ikienda, nyingine inarudi, zinapunguziana. Ndiyo maana tulizoeana. Sasa ningejuaje? Dalali hakusema. Mimi hata hiyo kranki nilidhani ni jina la kampuni.

Hajamaliza. "Tunataka mtu wa uzito wa mzee, akimbie kinyume naye." Ufukwe mzima ukaangaliana. Hakupatikana. Akaletwa mbeba mizigo, akatwishwa tenga la vibua ili afikie. Akawekwa upande wa kulia, mimi nimebaki katikati. Tukakimbia, mimi omo yeye tezi. Boti ikaacha kwenda mbele na nyuma. Nikashangilia. Nimeshangilia mapema: omo ikaanza kupiga kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mbeba mizigo chini, vibua baharini. Vibua nikalipa mimi.

"Nguvu zenu zilikuwa sawa, lakini hazikuwa mstari mmoja," dogo akasema. "Mmoja katikati, mmoja pembeni, chombo lazima kipindue shingo. Ndiyo huo mkono wa mashine unaokupiga." Akaita watoto wawili, kila mmoja nusu ya mzee. Hawakufika nusu ya mzee. Wakaongezewa ndoo ya maji kila mtu. Mmoja kulia, mmoja kushoto, mimi katikati. Tukakimbia. Boti kimya. Imetulia kabisa, maji hayana hata mkunjo. Aliyekuwa anatetema ni mimi peke yangu, kwa kuhema.

Akafungua mashine hapohapo chini ya mkungu. Kazi yangu kushika tochi, na tochi yenyewe nilikuwa nashika vibaya. Akaitoa hiyo shafti akanipa mkononi. Nzito kuliko inavyoonekana. Chuma cheusi, kimelowa oili, na hakiko duara kamili: ubavu mmoja umejaa, ubavu mwingine umechongwa hadi kukonda, na kichwani kuna gia. Ukiilaza kwenye kiganja inajigeuza yenyewe, ubavu mnene unatafuta chini. Nikairusha kidogo nione. Dogo akaninyang'anya.

Kumbe kranki nayo ina mabonge yake ya chuma. Yanabeba nusu ya fujo ya pistoni. Lakini bonge linazunguka, halikimbii njia moja, kwa hiyo likipunguza mtikisiko wa mbele na nyuma linaleta wa kushoto na kulia. Shafti ya balansi inazunguka kinyume cha kranki, mwendo uleule, inachukua nusu iliyobaki, na mivuto yao ya pembeni inauana. Hapo ndipo wenye viwanda wanapoumiza kichwa: iwekwe wapi? Ikikaa mbali na kranki, inaleta kule kupindua shingo. Ikikaa juu sana au chini sana, badala ya usawa wa katikati ya silinda mbili, mashine inaanza kuitikia kwa kichwa. Ikiongezewa nafasi, kichwa cha mashine kinanenepa, na hiki kinaning'inia nyuma ya boti ya watu, hakina pa kunenepea. Gari lina boneti pana. Mashine ya boti ina kofia.

Nikamuuliza nani alianza kutesa watu na mashine hizi. Akaniambia wa kuziuza kwa wingi ni Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, mji wa Milwaukee. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia kumfuatia mchumba wake Bess aiskrimu, ikayeyuka njiani, ndipo akapata wazo. Mwaka 1909 akaanza kuuza: silinda moja, nguvu ya farasi moja na nusu, kilo kama 28. Silinda moja bila shafti ya balansi, jirani! Huyo Bess ndiye akawa mkewe na akamwendeshea biashara. Mwaka 1921 wakaja na Elto, nyepesi, silinda mbili zinazotazamana, pistoni zinaachana na kukutana, kila moja inafuta vishindo vya mwenzake. Mimi mama watoto ananituma mkaa tu, tena nisipite kijiweni. Utapata wapi wazo?

Na shafti zenyewe alizifikiria Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa magari ya silinda nne. Huko pistoni mbili zinakwenda, mbili zinarudi, ungesema yameisha. Hayaishi. Pistoni ina mwendo zaidi upande wa juu kuliko wa chini, kwa sababu ya konrodi, ule mkono unaounga pistoni na kranki, inavyolala, na hicho kitofauti kinajikusanya, kinapiga mara mbili kila mzunguko. Ndiyo maana shafti zake ni mbili, zinapishana, na zinazunguka mara mbili ya kranki. Miaka ya 1970 Mitsubishi wakaamua moja ikae juu, nyingine chini, hazilingani kimo, ili zizuie na injini kujibiringisha. Porsche wakalipia leseni ya kitu hicho kwa ajili ya gari lao la 944. Wajerumani wamelipa, halafu mimi naambiwa raba ni ghali. Hata Yamaha F150, zile kubwa za silinda nne unazoziona kwenye boti za watalii, ndani mna shafti mbili zinazopishana. Ndiyo maana mtalii anakunywa soda na haimwagiki.

Ya kwangu sasa. Dogo akaniambia nimulike gia. Kwenye gia ya kranki kuna nukta. Kwenye gia ya shafti kuna nukta. Zinatakiwa zitazamane. Jirani, za kwangu zilikuwa zimenuniana: moja huku, nyingine nyuma kabisa, nusu mzunguko. Fundi fulani huko ilikotoka aliifungua, akairudisha anavyojua. Shafti iliyotakiwa kupinga fujo ya pistoni ilikuwa inaishangilia. Na mivuto ya pembeni badala ya kuuana ikaungana. Kwa hiyo nilikuwa natikiswa mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa bei moja. Bora kusingekuwa na shafti kabisa. Nimelipia kifaa cha kunitetemesha.

Akazitazamanisha, akafunga, akaweka raba za kweli, akanitajia hela. Nikasema mwanangu, kwa nukta mbili tu? Akasema, "Nukta ni bure, mzee. Nakudai kuzijua." Nikalipa. Mbeba mizigo naye akaja na madai ya kiuno.

Tukaiwasha. Inanguruma, imetulia. Kuna kamtetemo kadogo kamebaki, ka haraka haraka, nikaanza kulalamika, dogo akaniambia hako ni kale kakitofauti ka konrodi, kwenye mashine ya aina hii ishi nako. Mama watoto bado ananinusa, mazoea.

Ila kuna jambo sikulipiga hesabu. Miezi yote ile, kwa kelele na mitikisiko, mimi na Nahodha tulikuwa hatusikizani. Yeye anafungua mdomo, mimi natikisa kichwa, tunafika. Jana tumetoka kwenda upande wa kisiwa cha Mbudya, bahari shwari, mashine haisikiki. Hatujaenda mbali akakohoa. "Mzee, ile hela yangu ya tangu kaskazi, ambayo kila siku nikikuuliza unaitikia kwa kichwa, unasema ndiyo, kesho…"

Nikapiga resi. Wapi. Imetulia tu. Na kutoka pale hadi Mbudya, jirani, ni mbali.