Mama Mkwe Alipoianika Lenzi

Kwetu Pasiansi hakuna kisichoanikwa. Dagaa huanikwa, mihogo huanikwa, magodoro huanikwa, na daftari za shule zikinyeshewa nazo hutandazwa juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, mojawapo ya yale mawe yaliyotapakaa Mwanza nzima, ambalo mjenzi aliliacha baada ya kulishindwa. Mwenye jiwe hilo ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye anayejua linashika moto saa ngapi, upande upi unapata kivuli mapema, na wingu lipi kutoka ziwani ni la kukimbilia vyombo.

Kamera aliileta baba mkwe, Mungu amrehemu. Alisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupokea vijana wengi wa Afrika miaka ile ya uhuru. Alirudi na shahada, koti zito lisilo na kazi Mwanza, na Zorki 4, kamera ya Kisovieti iliyotengenezwa kati ya 1956 na 1973. Ni kamera ya renjifainda: mpigaji hatazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha cha juu yake, na katikati ya kidirisha kitu kimoja huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka taswira zile mbili zilaliane na kuwa moja, hapo umbali umeupata. Ndani hakuna kioo cha kunyanyuka, ndiyo maana mlio wake ni mdogo na mtoto aliyelala haamki. Nyuma ya lenzi kuna nafasi tupu, kisha pazia la kitambaa chenye mpira, kisha mkanda.

Ilikuja na lenzi ya milimita 50, na kwa picha za uso mmoja hadi leo inanitosha. Shida ilikuwa sebule. Sebule yetu ni ndogo; ukiegemea ukuta wa mlangoni, kochi liko mbele yako kwa mita 3 tu. Kwa umbali huo lenzi ya 50 inashika upana wa mita 2 na kidogo: kochi linaenea, lakini kiti cha mama mkwe kinabaki nje. Kila sikukuu picha ya familia ilitoka bila yeye, au yeye akabanwa katikati ya wajukuu, jambo asilolipenda kwa sababu ya magoti. Lenzi ya 35 kwa umbali uleule inashika zaidi ya mita 3. Kochi, kiti, na mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi, wote wanaingia.

Fleshi hatuitumii. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mwanga wa ghafla unamuumiza. Basi lenzi pana peke yake isingetosha. Ilitakiwa pana yenye tundu kubwa, itakayotosheka na balbu moja ya sebuleni.

Kikao kilikaliwa usiku, baada ya ugali. Mume wangu alitaka Jupiter-12. Ni lenzi ya Kisovieti iliyotokana na Biogon, aliyoibuni Ludwig Bertele wa Zeiss miaka ya 1930, na uzi wake wa milimita 39 unaingia kwenye Zorki bila maneno. Bei yake ni ya kibinadamu. Ila kioo chake cha nyuma kimechomoza nje, ukiilaza ovyo mezani unakikwaruza, na tundu lake linaishia f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Shemeji yangu, ambaye akinunua redio hununua yenye sauti kuliko zote, alitaka Summilux ya f/1.4 iliyotoka mwaka 1961. Nikamweleza kwamba ile ilitengenezewa mdomo wa Leica M, kwenye uzi wetu haishiki. Akahamia Canon ya f/1.5 ya mwaka 1958. Hiyo inashika, lakini bei yake ni ya bati za nyumba nzima, na ikifunguliwa mpaka mwisho picha yake ni laini, taa zinazungukwa na ukungu.

Mimi nilisimama na Canon ya 35 yenye f/2, ya miaka ya mwanzo ya 1960. Ni ndogo na nyepesi, na hesabu yake inaeleweka. Kutoka f/2.8 kwenda f/2 mwanga unaongezeka mara mbili: pale ambapo Jupiter ingehitaji sehemu ya 1/15 ya sekunde, hii inafanya kwa 1/30. Kwa 1/15 mjukuu aliye kwenye goti la bibi anatoka na vichwa viwili. Kwa 1/30 ana kimoja. Kutoka f/2 kwenda f/1.5 nyongeza haifiki mara mbili, gharama inaruka, na eneo linaloonekana wazi linazidi kuwa jembamba. Kwa f/2 ukipima mita 3, kilicho kati ya mita 2.6 na 3.5 kinatoka vizuri. Kochi na kiti vinaenea humo. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele na kusikiliza, akauliza swali moja: "Hiyo ya katikati inanitosha na mimi?" Nikamjibu inamtosha. Kikao kikafungwa.

Ndugu yetu aliyeko Nairobi aliipata kwa muuza kamera za mitumba, ikaja kwa basi, imefungwa ndani ya soksi. Jioni ile tuliipima kama lenzi yoyote kuukuu inavyopaswa kupimwa. Unafungua tundu lote, unamulika tochi ya simu kutoka nyuma, na unatazama kwa mbele ukiinamisha lenzi taratibu. Vumbi si kitu. Mikwaruzo midogo ya mbele inavumilika. Cha kuogopa ni ukungu mweupe uliotanda kioo kizima, kwa sababu huo ndio unaofifisha picha ukielekea taa. Yetu haikuwa na huo. Ilikuwa na nyuzi chache nyembamba pembeni, mfano wa utando wa buibui.

"Fangasi," akasema shemeji.

"Fangasi?" Mama akaweka ungo chini. "Kama ya nguo?"

"Kama ya nguo, Mama. Inaota kwenye unyevu."

"Basi dawa yake si jua?"

Hakuna aliyempinga, na kwa kweli hapakuwa na cha kupinga. Mionzi ya jua inadumaza kuvu wa lenzi kweli. Mama ameishi kando ya Ziwa Victoria maisha yake yote. Anajua unyevu wa usiku unavyopanda kutoka majini, na anajua dagaa asiyepigwa jua anaoza. Shemeji akaifunga lenzi kwenye kamera, ikiwa bado imefunguliwa hadi f/2 na umbali uko kwenye alama ya mbali kabisa, akaiweka kabatini.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Siku hizo, kwa mahali tulipo kusini kidogo ya Ikweta, jua la adhuhuri linapita utosini hasa. Kesho yake nilikuwa soko la Kirumba. Mama alitandika kanga safi juu ya jiwe, akailaza kamera chali, akaondoa kifuniko, akaielekeza lenzi mbinguni. Akaweka kiti kivulini, akakaa kulinda kuku wasisogee.

Lenzi iliyofunguliwa hivyo inapokea jua kwa mdomo wa karibu milimita 17.5 na kulikusanya kwenye kidoa cha theluthi ya milimita. Nguvu ya jua imebanwa karibu mara 3,000. Kwa f/2.8 ingekuwa nusu yake. Ile mara mbili tuliyoilipia kwa ajili ya balbu ya sebuleni tulipewa pia kwa jua. Na kwa kuwa kamera hizi hazina kioo cha kuzuia, kidoa kile kilitua moja kwa moja kwenye pazia la kitambaa.

Mwanangu mdogo ndiye aliyesikia harufu. "Bibi! Jiwe linanuka mpira!" Bibi akainuka, magoti na yote, akaifunika kamera kwa kiganja chake, kisha kwa kanga.

Niliwakuta wote sebuleni, kamera iko mapajani mwa mama mkwe. "Shikamoo, Mama." Hakuitikia kwanza. "Mwanangu," akasema, "nilitaka kukuponyea." Nikaketi chini karibu naye, tukaifungua pamoja. Jua halisimami; kwa saa moja taswira yake ilikuwa imesogea karibu sentimita moja juu ya pazia, ikizimika pale mawingu yalipopita na kuwaka tena yalipoachia. Kulikuwa na mstari wa makovu ya kahawia, na mwishoni mwake tundu moja la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, pembe zake zimejikunja. Lenzi yenyewe haikuguswa. Mama alikivika kidole chake cha shahada kitambaa, akagusa ukingo wa tundu. "Hiki ni kiraka," akasema. "Kiraka kinawekwa."

Alikuwa sahihi. Tulikwenda wote wawili kwa fundi saa mmoja Kirumba. Alichukua solusheni ya viraka vya baiskeli, akaizimua, akachanganya na masizi ya kibatari mpaka ikawa nyeusi tii, akapaka kwa ncha ya njiti: tabaka moja, akaliacha likauke, tabaka la pili, akaliacha. Mama alimtazama kila hatua. Fundi akatueleza kwa nini haongezi: kiraka kinene kinalemaza pazia, upande mmoja wa picha unapata mwanga zaidi ya mwingine, na pazia likiviringishwa kabla ya kukauka linajigandia. Tulilala siku mbili bila kuigusa. Kisha usiku, taa zimezimwa, nikatoa mgongo wa kamera na shemeji akamulika tochi mbele ya lenzi. Hapakupita hata nukta.

Likabaki jaribio moja. Kamera ya Kisovieti na lenzi ya Kijapani zinaingiana kwa uzi, lakini vipimo vyao vya umbali vinaweza kutofautiana kidogo, na tundu kubwa halisamehi. Nikabandika karatasi ya kunakilia ramani pale mkanda unapolala, nikalizuia pazia libaki wazi, nikamwomba Mama akae kwenye kiti chake na kushika kibatari kilichowashwa. Akatokea juu ya karatasi, kichwa chini miguu juu, na kila unyuzi wa mwali unahesabika. Watoto waligombea zamu ya kumwona bibi aliyepinduka. Nikapima kwa kidirisha, nikalinganisha na karatasi. Vilikubaliana.

Lenzi sasa inakaa kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mama ndiye anayevikusanya mtaa mzima. Jua bado linapewa kazi: asubuhi na mapema, lenzi ikiwa peke yake, imetolewa kwenye kamera, juu ya jiwe tupu bila kanga, na Mama amekaa pale pale akiigeuzageuza. Nyuzi hazijaongezeka.

Kwa matumizi imenifunza haya. Kidirisha cha Zorki kimepimwa kwa lenzi ya 50, kwa hiyo ya 35 inahitaji kijidirisha chake cha kupachika juu. Unapima umbali kwenye kimoja na kupanga picha kwenye kingine. Mwaloni Kirumba, boti za dagaa zinaporudi kabla ya kucha, taa ikiingia ndani ya picha lenzi ya umri huu inaimwaga nuru kila upande. Hatua moja pembeni, mgongo wa mvuvi ukaikinga taa, inatosha. Na kifuniko: mkono unaokiondoa ndio unaokirudisha.

Mtu akiniuliza achukue lenzi gani yenye tundu kubwa, namwambia apime kwanza sebule yake kwa hatua na ahesabu balbu zake, ajue anahitaji mwanga kiasi gani kabla ya kuulipia. Kisha awakalishe watu wa nyumbani, kuanzia mkubwa wao, awaonyeshe kwa kipande cha karatasi kavu na jua la saa sita kile tundu lile linachoweza kufanya. Mwenye nyumba akishaijua nguvu ya kitu, anakilinda kuliko aliyekinunua.