Sifa za Pawasaplai ya Elfu Thelathini na Tano

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana wenye busara husifu kwa kipimo. Mimi leo nitasifu bila kipimo, kwa kuwa tembo la ninayemsifu lilishatiwa maji tangu kiwandani. Naisema pawasaplai ya bei poa, lile sanduku la bati la kijivu linalokaa ndani ya kompyuta kwa nyuma na kuilisha umeme, ambalo mtu hulikumbuka mwisho wa bajeti, baada ya kadi ya grafiki, kibodi yenye taa na nauli ya bodaboda ya kurudia nyumbani.

Mpwa wangu alidunduliza karibu mwaka mzima ili anunue kadi ya grafiki ya RTX 3060. Kadi hiyo hula wati 170, na walioiunda wanashauri iwekewe pawasaplai ya wati 550. Tukaenda wote Kariakoo. Akalipia kadi kwa noti za elfu kumi kumi, akabakiwa na elfu arobaini. Muuzaji akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akateremsha boksi kutoka juu ya shelfu.

"Bosi wangu, hii mia tano hamsini, mashine kabisa. Elfu thelathini na tano tu. Hiyo tano inayobaki unamnywesha mjomba soda."

Niambieni, ni bidhaa gani nyingine mjini inayomfikiria mjomba?

Uzuri wake wa kwanza ni wepesi. Pawasaplai zenye majivuno ni nzito kama tofali, zimejaa shaba na mabamba ya alumini ya kupozea joto. Yetu niliibeba kwa kidole kimoja, kama mfuko wa maandazi. Nilipochungulia kwenye matundu ya feni niliona nafasi tele. Mende angeweza kupanga humo na familia yake, na sebule ikabaki.

Lakini fadhila yake kubwa ni unyenyekevu. Ubavuni imeandikwa 550W kwa herufi za dhahabu, hilo ni la kuwafurahisha wapita njia. Ukweli imeuficha kwenye jedwali dogo la stika, kwa maandishi yanayodai miwani: +12V, 18A. Kadi ya grafiki na prosesa hunywa karibu umeme wao wote kwenye mstari huo wa volti 12. Zidisha mwenyewe: 12 mara 18 ni 216. Waalikwa 550 walitangazwa kwa tarumbeta, 216 ndio waliofika harusini. Wengine wamepelekwa kwenye volti 5 na volti 3.3, njia zilizokuwa na shughuli nyingi kwenye kompyuta za miaka ya tisini, na waliosalia ni wa heshima tu, kama mstaafu anayeendelea kuitwa mheshimiwa.

Sasa jumlisha walaji. Kadi 170, prosesa 65, mazabodi na diski na feni tuseme 40. Hiyo ni 275. Mtu mwenye roho ndogo ataona upungufu. Mimi naona ukarimu, maana ni nani mwingine anayekaribisha wageni wote hao na sufuria ya watu wawili?

Tena haikuwa hata na plagi ya pini nane iliyodaiwa na kadi. Muuzaji akaongeza kebo ya bure, kichwa cha SATA upande mmoja, pini nane upande wa pili. Kichwa cha SATA kiliumbwa kulisha diski. Pini zake za volti 12 hubeba ampea 4.5, yaani wati 54. Pini nane zina haki ya kudai wati 150. Kwa hiyo kebo hujitahidi, na ikijitahidi sana hulainika, chumba kikafukizwa bila udi wala chetezo.

Zile za bei ghali, kwa kweli, hazina uvumilivu. Mzigo ukizidi kidogo zinasusa, zinajizima. Na zinadekezwa: kadi za siku hizi huvuta umeme kwa kushtukia, zikaruka kiwango chake kwa kitambo kifupi mno, basi mwongozo wa ATX 3.0 wa mwaka 2022 ukaagiza pawasaplai kubwa zistahimili hata mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Yetu haikuusoma mwongozo huo. Haikususa. Ilibeba mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa Ijumaa usiku. Mara ya kwanza skrini ilizimika, mpwa wangu akawasha tena. Mara ya pili feni ililia kama inapandisha mlima Kitonga. Mara ya tatu ilikuwa pah! moja tu, na moshi. Bibi akatoka chumbani na kanga begani: "Nani anaunguza samaki saa hizi?"

Na haikuondoka peke yake. Kifo cha wengi harusi: ilikwenda na mazabodi, na diski yenye picha zote za send-off ya dada yake. Kadi ilisalimika, nadhani kwa sababu haikuwahi kupata umeme wa kutosha kuugua.

Wapo watu, nawajua, ambao kabla ya kulipa huigeuza pawasaplai, wakasoma mstari wa volti 12, wakazidisha kwa kalamu, wakaacha nafasi ya ziada, kisha wakahakikisha plagi za kadi zinatoka humo humo bila kebo ya msaada. Hulala usingizi mzito. Ukikaa nao barazani hawana hata hadithi moja ya kukuchekesha.

Marehemu wetu hakutupwa. Fundi aliichokonoa akatoa feni, akampa muuza mishkaki wa pale kona, ambaye ameifunga kwa waya kwenye jiko na kuichomeka kwenye adapta kuukuu ya volti 12. Inapuliza mkaa kuanzia magharibi mpaka saa tano usiku. Inahitaji wati mbili tu, na inazipata zote.