Sakafu ya Kupigia Picha

Siku hizi ukitaka kujua kama nyumba ya mtu imekwisha, usiulize kama imeezekwa wala kama maji yameingia. Uliza kama imeshapostiwa. Unamkuta mtu bado anachota maji kwa jirani, shimo la choo limefunikwa kwa bati na tofali, lakini sebule iko Instagram tangu juzi, dari ina taa za zambarau na sakafu inang'aa mpaka feni inajitazama.

Sina ugomvi na mtu kupamba kwake. Ugomvi wangu ni kwamba mapambo haya yanachaguliwa na jicho peke yake, tena jicho la kwenye simu. Mguu hauulizwi. Kiuno hakiulizwi. Anayedeki ndiye kabisa, hata kwenye kikao haitwi. Na picha, kwa taarifa yenu, haina maji, haina vumbi, na haina mtoto mwenye embe mkononi.

Tuanze na marumaru. Zilikuwapo za sentimita 30 kwa 30, tukaringa nazo. Zikaonekana ushamba, zikaja 40 kwa 40, halafu 60 kwa 60, na leo ukimtajia fundi 60 kwa 60 anakutazama kwa huruma, kama daktari aliyeshika majibu mabaya. Habari ya mjini ni 60 kwa 120, nyeupe pe, yenye mishipa ya kijivu na dhahabu, ili ionekane ni jiwe la Carrara, kule Italia, lilikotoka jiwe la sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Kumbe nyingi ni udongo uliochomwa, mishipa imechapwa kwa wino na mashine, na viwanda tunavyo wenyewe hapo Mkuranga na Chalinze. Hilo halinikeri, kiwanda ni ajira. Ninachokerwa nacho ni mwenye nyumba kukutembeza sebule nzima akikuonyesha mishipa ya jiwe, nawe unauona mshipa uleule, wenye kona ileile, mlangoni, chini ya meza na pale ubavuni mwa friji. Huo ni mlima gani unaojirudia?

Na zinateleza, jamani. Wazalishaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana kuna kipimo cha Wajerumani kinachoanzia R9 mpaka R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo sakafu inavyoshika mguu. Basi nikaenda Kariakoo, nikamuuliza kijana wa dukani hiyo aliyonisifia ni R ngapi.

"R?" akashangaa. "Mzee wangu, hii ni kioo kitupu. Hata ukimwaga maji huoni tofauti."

Ndiyo shida yenyewe, mwanangu. Ukimwaga maji huoni tofauti. Tofauti unaiona ukiwa umeshafika chini, na kutoka hapo unaiona dari ya jipsamu vizuri sana. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakufikiria nyumba ambayo mgeni anavuliwa viatu mlangoni, anabaki na soksi, kisha anaambiwa pita ndani, karibu, jisikie nyumbani. Huyo mgeni naye atapona kwa dawa gani?

Waliochoka na marumaru wakahamia kwenye mbao. Si mbao za mninga, hizo bei yake inatisha, bali lamineti. Lamineti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa ubao, na juu yake imebandikwa picha ya mti. Sikutanii, ni picha, imefunikwa kwa tabaka gumu ili isichubuke. Waswidi ndio walioibuni mwaka 1977, na maagizo yake ni kwamba ifutwe kwa tambara lililokamuliwa vizuri. Sasa nenda kamweleze hivyo anayedeki kwetu. Kwetu kudeki ni ndoo nzima yenye povu la sabuni ya unga, maji yanamwagwa kuanzia kona ya ndani, mtu anainama, tambara mikono miwili, anarudi kinyumenyume huku akiimba, na yale yaliyobaki yanasukumwa kwa fagio mpaka barazani. Nyumba isiyodekiwa hivyo haijadekiwa, imepakwa unyevu tu.

Lamineti ikiyapata maji hayo kila asubuhi, inayanywa. Maungio yanavimba, kingo zinanyanyuka, ubao unaanza kukataa mwenzake. Kwa jirani yangu sebule imeshakuwa na mawimbi, na anayeleta chai kutoka jikoni unamwona anapanda na kushuka. Mwenye nyumba amepiga marufuku ndoo. Msichana wa kazi anafuta sakafu kwa kitambaa cha miwani, na wageni tunapewa maji ya kunywa nje.

Dawa ya hilo, nikaambiwa, ni vinili. Hainywi maji, haiharibiki, na ina sura ya mbao. Nikaletewa kipande nikishike. Nikakikunja, nikakinusa. Jamani, hili si kapeti? Kapeti la plastiki, lile tulilokuwa tukinunua kwa mita, fundi anafungua mzingo na mkasi mkononi, unalitandika juu ya saruji na pembe zake hazikubali kulala mpaka uzigandamize kwa kabati! Sasa limekatwa vipande vyembamba, limechapwa vifundo vya mti, limepewa bei ya mlango. Binti yangu akanisahihisha kwa upole kwamba hiyo si kapeti, ina mikwaruzo ya mbao halisi, ukiipapasa unaisikia. Nikaipapasa. Nikasikia kapeti.

Lakini wenye pesa hasa wameshatoka huko. Hao wanamwagiwa saruji. Ndiyo, saruji. Inaitwa maikrosementi, inapakwa tabaka la milimita chache, inapigwa msasa, inawekewa dawa ya kuzuia maji, na picha zake unazikuta kwenye hoteli za ufukweni na vyumba vya wasanii. Sebule ya kijivu, kiti kimoja, mmea mmoja, mtu hakuna. Nilipoiona nikaikumbuka niru tuliyopigiwa tulipohamia, ile ambayo fundi anapiga magoti kuilainisha kwa mwiko wa chuma mpaka jua linazama. Tulikopa Saccos kuikimbia saruji, leo tukope tena kuirudia? Na safari hii ni ghali kuliko marumaru, kwa sababu fundi lazima awe na cheti na ndevu zilizochongwa.

Terazo nayo imefufuka, na hiyo, angalau, naiunga mkono. Ni makombo ya mawe yaliyochanganywa na saruji, yakasagwa mpaka yakalainika. Mafundi wa Venice ndio walioanza kuyatumia mabaki ya marumaru kwa namna hiyo. Kwetu terazo ilikaa kwenye hospitali za zamani, ofisi za serikali na ngazi za maghorofa ya zamani ya katikati ya mji. Miaka nenda rudi imekanyagwa na wenye madai, wagonjwa na wasindikizaji wao, na bado haijapata hata ufa wa aibu. Zamani ukiona terazo ulijua utasubiri. Leo ofisi hizohizo zinaifunika kwa marumaru za kuteleza ili ziende na wakati, huku vijana wa mitandaoni wakiitafuta terazo kwa tochi.

Tukipanda juu ya sakafu hali si nzuri zaidi. Ukuta wa televisheni umevishwa mbao za plastiki zenye mifereji ya wima, na kila mfereji una vumbi lake, ambalo halitoki kwa kitambaa. Linatoka kwa mswaki. Mji wenye vumbi hili, mtu mzima anakaa Jumamosi nzima anaupigia ukuta mswaki!

Rangi nazo zina wenyewe. Kampuni ya Kimarekani ya Pantone kila mwaka inatangaza rangi ya mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa rangi ya pichi, mwaka 2025 ikawa kahawia ya kahawa na chokoleti. Nilipoonyeshwa hiyo kahawia niliitambua mara moja. Ukuta wangu unaotazama barabara umekuwa na rangi hiyo tangu masika, umerushiwa bure na malori ya mchanga. Fundi rangi alitaka nimlipe aipake chumbani.

Pambo lililonishinda kabisa ni nyungo. Vijana wanazinunua, ndogo na kubwa, wanazipanga ukutani juu ya makochi, na wanasema zinaleta uasili. Mama yangu mzazi akaja kututembelea kutoka shamba. Akaketi, akanyanyua macho, akaziona. Akaziangalia moja moja.

"Mnapeta nini?" akauliza.

"Ni pambo tu, bibi," binti yangu akamjibu.

Mama hakusema kitu. Kwao mtu mwenye nyungo nyingi kuliko mchele wake anajulikana anasafiri nazo usiku. Alihamia kiti cha ukuta wa pili, akala kidogo, na kabla ya isha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna basi la alfajiri.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walitaka mtu aingie ndani aone kama watu wanakaa vizuri. Wapambaji wa sasa wamelitatua hilo kwa kuifanya nyumba nzima kuwa mlango: unasimama pale pale, unatazama, unasifu, unaondoka. Ukiketi unaharibu.

Ninalo pendekezo kwa wauza sakafu wote. Pamoja na ile rafu ya sampuli zinazomulikwa na taa, wekeni dukani ndoo ya maji ya sabuni, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu, na mzee mmoja asiye na viatu. Sampuli imwagiwe maji, kiti kiburutwe juu yake, kisha mzee apite, tena awe amebeba sufuria. Akifika upande wa pili wima, mnauza. Asipofika, hiyo si sakafu, ni kesi. Nawe mnunuzi, ukishaipata iliyopita mtihani huo, itandike, uwashe taa zako za zambarau, uipige picha mpaka simu ipate moto. Nitakuja mwenyewe kukushikia taa. Ila nisiambiwe nisogee kando kwa sababu shati langu haliendani na mapazia.