Kitabu cha Chini ya Kitanda

Jirani yangu hapa mtaani Hai Malakal ana riwaya. Ni ya majini na falme zilizo chini ya Nile, na hakuna aliyewahi kuisoma. Hata hivyo, kikitajwa kitabu kipya chochote pale kwa mama chai, jamaa hukoroga tangawizi yake na kuguna, "Hiyo wameniibia mimi." Wameibaje daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli na kulaliwa kila usiku? Hilo huulizi.

Juzi nikamtajia mwandishi Shaaban Robert. Riwaya yake ya Kufikirika aliiandika 1946. Ikachapwa 1967, yeye akiwa kaburini mwaka wa tano. Kusadikika, ile nchi inayoelea hewani, ilishatoka 1951, na ni rahisi kumdhania mdogo ndiye kaka. Lakini mzee hakukaa kulinda mswada mmoja, aliendelea kuandika.

Jirani alisikia alichotaka. "Umeona? Na mimi watanichapa nikishakufa!"

Makaburi ya Hai Malakal hayako mbali, hilo simbishii. Ila sura ya pili bado hajaianza.