Mzee Mamba Afunga Kwaresma

Jumatano ya Majivu wanyama walikutana Kogatende, ukingoni mwa Mto Mara, kila mmoja na alama ya majivu ya tanuru la mkaa kwenye paji la uso. Katibu alikuwa Tumbili. Huyu huiba mahindi Mugumu, na shamba mojawapo limepakana na dirisha la kanisa, kwa hiyo mahubiri yote anayajua, isipokuwa yale ya amri ya saba.

"Kila mmoja ataje mfungo wake," akasema.

Fisi akaahidi kukesha kila usiku. Ngiri akasema atapiga magoti asubuhi hadi jioni, nao wakamsifu, ingawa ngiri hajawahi kula majani kwa namna nyingine. Simba akaleta udhuru wa vidonda vya tumbo. Ndipo Mzee Mamba akapanda mchangani, akafumba jicho moja.

"Mimi nyama siionji siku zote 40."

Vigelegele vikavuka hadi Lamai. Hakuna aliyekumbusha kwamba nyumbu, zaidi ya milioni moja, wakati huo wako kusini kule Ndutu wanazaa, na Mto Mara watauona kuanzia Julai. Mamba hukaa miezi bila kula kila mwaka. Zamani tu hakuwa akiiita Kwaresma. Lakini tusimcheke sana. Hata Tarime mjini wapo walioacha nyama choma Jumatano ile ile kwa sababu mwenye bucha amekataa kuwakopesha tena.

Kiboko alifika kwa kuchelewa, akanya mtoni mbele ya wageni, akasema yeye asipokula hatembei. Akaandikwa "vuguvugu".

Ijumaa ya wiki ya tano, jua likizama, akateremka nyumbu jike mwenye mguu mbovu, aliyeachwa nyuma na kundi lake. Kwato zilimteleza kwenye mawe, ulimi umekauka, nzi wamejaa kwenye kidonda.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mwanangu," akajibu Mamba. "Pembeni kuna matope. Ingia ndani kidogo."

Tumbili akamnong'oneza, "Mzee, leo Ijumaa. Nyama hatuli."

"Nani kataja nyama? Samaki si ruhusa?"

"Ruhusa."

"Na samaki ni nani kama si yule aliye majini? Mwache maji yamfike magotini."

Tumbili akapekua daftari lote, asione kasoro. Fisi akaunga mkono hoja, akapendekeza mabaki yawe sadaka kwa maskini. Maskini mwenyewe alikuwa yeye.

Kiboko ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenda malishoni. Akageuka. Akarudi majini akasimama katikati yao, akafungua kinywa chote, meno yale ya njano yakaonekana hadi mizizini. Mamba akazama.

Nyumbu alikunywa funda kwa funda, kisha akalala pale pale kwenye tope, hana nguvu za kupanda. Kiboko hakuondoka. Usiku ukaenda, tumbo lake likinguruma hadi ndege wakahama matete.

"Sasa wewe leo utakula nini?" akauliza Ngiri, akiwa magotini kama kawaida.

"Aliyeotesha nyasi za jana hajafa."

Mpaka kunakucha alikuwa hajaonja jani, wala hajui kama usiku wa pili angepata nafasi ya kutoka. Nyumbu alipopanda ukingo, hakuna aliyeandika kitu.

Jumapili ya Pasaka taarifa ikasomwa. Mamba: siku 40 kamili, wa kwanza. Ngiri: wa pili kwa sala. Kiboko: alifanya fujo mtoni siku ya Ijumaa, apewe onyo.

Mshindi alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema hana haja ya mali. Anaomba tu akabidhiwe huduma ya ubatizo wa kuzamishwa majini. Kamati imekubali kwa kauli moja. Ibada ya kwanza ni Julai, pale pale Kogatende, na nyumbu wote wanakaribishwa.