Mchezaji Asiyeumia Goti

Agosti 2014, Oklahoma City Thunder waliwakabidhi Philadelphia 76ers mchezaji Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21 na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Juu yake wakaongeza fedha taslimu. Walichopokea ni ahadi ya chaguo la raundi ya pili la drafti ya wachezaji wapya, ahadi yenye masharti, pamoja na kitu ambacho hakikupanda ndege, hakikupimwa afya wala hakikuuliza kitapewa jezi namba ngapi: kibali cha mabadilishano. Siku chache baadaye Philadelphia wakamwacha Thabeet, aliyekuwa amechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, nafasi moja mbele ya James Harden. Kibali hakikuachwa na mtu. Kilikuwa na mwaka wake mzima mkononi.

Mashabiki hawajawahi kukitendea haki kiumbe hiki. Hakuna mtoto aliyebandika picha yake ukutani, hakuna kiatu chenye jina lake, na watangazaji hukitaja harakaharaka ili warudi kwenye dunki. Aibu iliyoje! Ni mchezaji gani mwingine asiyeumia goti, asiyegombana na kocha, asiye na wakala, na asiyedai dakika zaidi uwanjani?

Tena ana ukoo. Msimu wa 1984-85 NBA iliweka ukomo wa mishahara wa dola milioni 3.6 kwa kila timu; msimu wa 2025-26 ukomo huo umefika dola milioni 154.647. Lakini tangu mwanzo ulikuwa ukomo unaovukika. Timu ikishauvuka inaruhusiwa kuendelea kuwalipa watu wake, ila haiwezi kumchukua mchezaji wa timu nyingine bila kutoa mishahara inayokaribiana na wake. Na inapotoa mshahara mkubwa ikapokea mdogo, au isipokee wowote, ile tofauti haipotei; hugeuka kibali. Ni kama mama aliyerudisha sufuria dukani Kariakoo, mwenye duka akawa hana fedha ya kumrudishia, akamwandikia kikaratasi aje achukue bidhaa ya thamani hiyo kabla mwaka haujaisha. Tofauti ni kwamba kikaratasi cha NBA huandikwa kwa mamilioni ya dola, na bidhaa huchukuliwa kwenye duka la mwingine.

Heshima zake ni za kizamani. Kibali hakichanganyiki na kibali kingine: timu yenye vibali viwili vya dola milioni nane kila kimoja haiwezi kumchukua mchezaji wa milioni kumi na sita. Hakiunganishwi na mshahara wa mchezaji anayetolewa ili kuziba pengo. Hakiuzwi kwa timu nyingine, wala hakitumiki kumsajili mchezaji huru wa kawaida. Lakini chenyewe hukubali kukatwa vipande. Cha milioni kumi na sita kinaweza kuleta wachezaji wawili wa milioni nane, kwa siku tofauti, kutoka miji tofauti.

Uaminifu wake kwa hesabu unatia hofu. Februari 2022 Portland Trail Blazers walimpeleka CJ McCollum New Orleans, wakabaki na kibali cha dola milioni 20.86. Majira ya joto wakamtaka Jerami Grant wa Detroit, ambaye mshahara wake ulikuwa milioni 20.955. Hakitoshi! Bahati nzuri kanuni za wakati ule ziliruhusu nyongeza ya dola 100,000 juu ya kibali, na kwa nyongeza hiyo Grant akapita mlangoni akibakiza maelfu machache tu ya dola. Detroit waliachiwa machaguo ya drafti. Mwaka uliofuata Portland walimpa Grant mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 160, lakini kosa hilo, kama ni kosa, lilifanywa na binadamu.

Wapo wanaosema kibali ni ghali. Ni kweli, na ni ushahidi wa hadhi yake. Mwaka 2019 Golden State Warriors walimpeleka Andre Iguodala Memphis, tena wakawapa Memphis chaguo la raundi ya kwanza kama ujira wa kumpokea, wakabaki na kibali cha dola milioni 17.2. Iguodala hakuichezea Memphis hata mchezo mmoja. Novemba 2020 Klay Thompson akakatika kano ya kisigino, na ndani ya siku chache kibali kikamleta Kelly Oubre kutoka Oklahoma City kwa mshahara wa dola milioni 14.4. Kwa kuwa Warriors walikuwa tayari wamezama katika kodi ya anasa inayotozwa timu zenye mishahara inayovuka kiasi kilichowekwa, gharama nzima ya msimu ule mmoja wa Oubre ilikadiriwa wakati huo kuzidi dola milioni 80. Warriors walishindwa kuingia mchujo. Msimu ulipoisha Oubre akaenda Charlotte akiwa mchezaji huru, na mwaka huohuo Iguodala akarudi Golden State.

Lakini anayetaka kukiimbia kibali sifa zake zote aende Boston. Novemba 2020 Gordon Hayward alikuwa anaondoka kwenda Charlotte, na Celtics hawakuwa na uwezo wa kumzuia. Wangeweza kumwacha aende zake wabaki mikono mitupu. Badala yake waliwapa Charlotte machaguo mawili ya raundi ya pili ili uhamisho uandikwe kama mabadilishano. Yaani walilipa ili wampoteze mchezaji wao kwa utaratibu mzuri! Malipo yake yalikuwa kibali cha dola milioni 28.5, kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia katika ligi.

Machi 2021 kipande kikubwa kilimleta Evan Fournier kutoka Orlando. Kiangazi kipande kingine kikamleta Josh Richardson kutoka Dallas. Fournier alipohamia New York kwa mabadilishano ya aina ileile, alizaa kibali kipya cha takriban dola milioni 17.1, mjukuu wa Hayward. Mjukuu huyo alifariki Julai 2022 bila kumleta mtu yeyote, na hakuna aliyemwandikia tanzia. Richardson ndiye aliyeokoa jina la ukoo. Februari 2022 alikuwa sehemu ya malipo yaliyomtoa Derrick White San Antonio, na Juni 2024 White alikuwa katika kikosi cha kwanza cha Celtics walipotwaa ubingwa. Hayward alitangaza kustaafu Agosti mwaka huohuo.

Wivu nao haukukosekana. Makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2023 yalipandisha nyongeza ile ya 100,000 hadi 250,000, kisha yakawabana matajiri. Timu ambayo mishahara yake imevuka kizingiti cha kwanza kilicho juu ya mstari wa kodi hairuhusiwi tena kutumia kibali ilichokipata msimu uliopita. Iliyovuka kizingiti cha pili haiwezi hata kutumia kile kilichotokana na mchezaji wake aliyesajiliwa na kuhamishwa kwa mkupuo mmoja, njia ileile aliyopita Hayward.

Kwa hiyo Februari, dirisha la mabadilishano linapokaribia kufungwa, msomaji anayefuatilia timu yake asiishie kwenye majina ya wachezaji. Aulize timu ina vibali vingapi, vya kiasi gani, na kila kimoja kinaisha tarehe ipi.