Jinsi ya Kugeuza Lori Kuwa Mtu Bila Kuondoka Sapiwi

Mwongozo huu ni wa watu wazima. Watoto hawauhitaji, na ukiwasomea watakucheka mbele ya wageni. Ni wa yule baba, mjomba au shemeji aliyeona kwenye simu roboti ya vitofali vya plastiki ikijikunja, ikajikunjua, ikawa lori, naye akasema moyoni: kumbe hata mimi naweza. Kama unaishi Sapiwi, huku kwetu Bariadi, hela ya pamba imeingia juzi, na mwezi wa saba huna palizi ya kukusumbua, basi ugonjwa umekukuta katika msimu wake.

Anza na matofali. Hapa ndipo nilipoteleza mimi, kwa hiyo sikiliza. Ukimwambia mtu wa Sapiwi kwamba unatafuta matofali ya kujengea roboti, neno “roboti” litampita sikioni na “matofali” litabaki. Atakuuliza ya kuchoma au ya saruji, na tripu ngapi. Nilijaribu kueleza kwamba ni yale madogo, ya plastiki, yenye vichunusi juu, yanayoshikana yenyewe bila udongo. Bwana mwenye tanuri alinisikiliza kwa heshima zote, akatikisa kichwa, akaniuliza nyumbani kwangu ni upande gani wa barabara. Nikamwelekeza, nikidhani ni mazungumzo tu.

Vitofali vyenyewe asili yake ni Denmark. Seremala mmoja wa mji wa Billund, Ole Kirk Christiansen, alianzisha kampuni ya Lego mwaka 1932, akichonga midoli ya mbao. Kitofali cha plastiki tunachokijua leo, chenye vichunusi juu na mirija ndani, kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Tangu hapo kichunusi kinaingia kwenye tundu lake kwa usahihi ambao mlango wa nyumba yangu haujawahi kuufikia. Lori linalogeuka mtu nalo lilikuja kwa njia yake: midoli ya kampuni ya Takara ya Japani ilichukuliwa na Hasbro ya Marekani, ikaingia madukani mwaka 1984 kwa jina la Transformers. Mwaka 2022 Lego na Hasbro wakaonana, wakatoa Optimus Prime wa vitofali: vipande 1,508, anageuka lori na kurudi mtu bila kung’olewa hata kimoja.

Kuhusu bei, ushauri wangu ni mmoja. Usimtajie mkeo kwa shilingi, maana atahesabu mbuzi, na mbuzi watakuwa kadhaa, wenye afya, kabla hata ya nauli ya mzigo. Mtajie kwa vipande. Sema, “Mama watoto, ni vipande elfu moja mia tano na nane.” Hapo inasikika kama faida.

Mimi sikufika huko. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alinitumia mfuko wa vitofali vya mtumba, mchanganyiko, hamsini na tatu, pamoja na gurudumu moja na kichwa cha mwanasesere asiye na mwili. Nilitiwa moyo na hesabu. Wanahisabati wamekokotoa kwamba vitofali sita tu vya rangi moja, vile vya vichunusi vinane, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Nilikaa chini ya mwembe tangu asubuhi hadi adhuhuri. Katika njia hizo zote mimi niliipata moja, na ilifanana na choo.

Mpwa wangu alipita akitoka kunywesha ng’ombe wa babu yake. Ana miaka kumi. Alinisalimia, akachuchumaa, akakiangalia chombo changu upande huu na upande ule.

“Mjomba, hii inakunjwa wapi?”

Nikamwambia bado haijafika hatua hiyo. Akasema sawa, akaenda zake. Baadaye nilimwona anarudi na bua la mtama.

Hatua ya pili, basi, ni bua. Chagua lililokauka likiwa limesimama shambani, lisiwe limelala chini likapata unyevu, na lisiwe limetobolewa na funza. Likate pingili kwa pingili. Ganda limenye kwa meno ya pembeni, ukianzia kwenye fundo na kushuka, na uwe mwangalifu kwa sababu ganda la mtama linakata mdomo kama wembe. Watoto wote wa Sapiwi wana alama na hakuna anayesema imetoka wapi. Ndani utakuta kiini cheupe, chepesi, kinachobonyea kidogo ukikiminya. Hicho ndicho tofali. Lile ganda ulilolimenya usilitupe: lichane vijiti vyembamba, uvichonge ncha. Hivyo ndivyo misumari, ndivyo vichunusi vyenyewe. Choma kijiti kwenye kiini, chomeka kiini cha pili juu yake, na vitashikana kwa namna ambayo utavibeba ukikimbia. Kule Billund wana mashine zao na mafundi wa vipimo. Bua linakuja na tofali na msumari katika mfuko mmoja, na mfuko wenyewe ndio msumari.

Sheria ya kazi hii ni ngumu kidogo, nami ilinichukua siku nzima kuielewa, ingawa mtoto aliisema kwa sentensi moja: hakuna kinachoondolewa. Ukitoa mkono wa roboti pembeni ili lori likae vizuri, hujageuza kitu, umebomoa. Kila kipande lazima kiwe na kazi mbili. Miguu ndiyo bodi ya nyuma, ile ya kubebea marobota ya pamba. Kifua ndicho kebini, na ndiyo maana Optimus Prime ana vioo vya gari kifuani. Kichwa kinazama kati ya mabega kama cha kobe. Kama unaona ni maajabu ya Japani, itazame baiskeli yoyote ya mwanakijiji. Asubuhi inabeba magunia, mchana inabeba abiria na kuitwa daladala, jioni imesimamishwa kwa stendi, mnyororo umefungwa kwenye jiwe, mwenyewe anakanyaga na visu vya mtaa mzima vinanolewa. Hakuna kilichoondolewa hapo pia, isipokuwa abiria.

Hatua ya tatu, kiungo. Hapa tukae, maana roboti ni viungo. Mengine ni mapambo. Kiungo kikilegea, mkono unadondoka kama wa mtu aliyetoka kilabuni. Kikikaza sana, kiini kinapasuka na umeanza upya. Lego wametatua kwa bawaba zenye meno, zinazolia kwa vituo ka-ka-ka na kusimama pale ulipoziacha. Mpwa wangu hakuwa na bawaba. Alikuwa na waya wa chuma uliobaki baada ya tairi kuukuu kuchomwa, ndala iliyokatika kanda, na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokuwa wa manati. Alikata vipande viwili vya ndala, vidogo kama kifungo cha shati. Akatoboa bega na mkono kwa waya, akaweka kifungo kimoja huku na kimoja kule, akaupinda waya mwisho na kuanza kuuzungusha kwa koleo la babu yake. Raundi moja, akajaribu mkono: ukadondoka. Raundi ya pili, ukadondoka polepole. Ya tatu, ukagoma kabisa. Akarudisha nusu raundi. Akauinua mkono hadi usawa wa sikio, akauachia.

Ukabaki.

Siri ni ile ndala. Ikibanwa inasukuma, na kwa kusukuma inashika. Ule ukanda wa tyubu alioufunga juu yake ni wa kuzuia waya usile kiini. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema usukani. Kila gari la bua lina mti mrefu wenye usukani juu ili mtu aliendeshe akiwa amesimama anakimbia, na usukani usiposhikwa vizuri, gari linaingia kwenye miiba.

Magurudumu pia ni ya ndala. Sharti ni kwamba ichukuliwe iliyokwisha kazi. Kuhusu ndala ya kushoto ya dada yangu, ambayo ilikuwa nzima hadi Jumanne, sina maelezo zaidi.

Roboti ikisimama itaanguka kifudifudi, kwa sababu kifua kina kebini na miguu haina kitu. Inahitaji uzito chini. Mimi, kama msomi, nilishauri viatu vya udongo, na nikachota wa mbuga, ule mweusi. Mtu yeyote aliyewahi kukwama na gari kwetu wakati wa masika anaujua: ukinywa maji unavimba, ukikauka unafunguka nyufa za kuingiza mkono. Viatu vyangu vilipendeza siku mbili. Siku ya tatu vilikuwa vipande sita. Kijana alikwenda kwenye kichuguu, akaleta udongo uliokwisha kukandwa na mchwa, ule ule anaoutumia kufinyangia ng’ombe wake wa kuchezea wenye nundu, na suala hilo likafungwa bila mkutano.

Rangi: chaki. Wilaya ya jirani, Maswa, inatengeneza, kwa hiyo ni bidhaa ya mkoa.

Hatua ya nne haipo kwa sababu ililiwa na mbuzi. Hili vitabu vya wenzetu haviliandiki. Roboti ya plastiki ikisahaulika uani usiku kucha, asubuhi utaikuta. Ya bua la mtama ikisahaulika, utakuta kichwa, waya na mguu mmoja, na mbuzi anakutazama kama vile wewe ndiye uliyechelewa. Hesabu roboti mbili kwa kila moja unayotaka kubaki nayo.

Tukija kwenye maonyesho, wenye vitofali duniani huweka kazi zao kwenye rafu ya kioo, na taa ndogo inamulika kutoka juu. Kioo kilichopo nyumbani kwangu ni cha kabati la vyombo sebuleni, na humo kuna glasi za wageni, birika la harusi na kitambaa cha kufuma. Eneo hilo lina mwenyewe. Niliomba nafasi ya sentimita ishirini, nikapewa juu ya kabati, nyuma ya redio. Ukipewa hapo, shukuru.

Hadharani ndiko kwenye kazi. Msukuma hawezi kufundishwa maonyesho na mtu, maana ameyafanya tangu zamani kama vita. Kwenye mbina, zile ngoma za baada ya mavuno, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Ngoma nzuri peke yake haitoshi. Mmoja akileta chatu shingoni, mwingine atatafuta fisi. Wamewahi hata kuchonga watu wa mbao wenye mikono iliyofungwa viungo ili ichezeshwe, kusudi watazamaji wa upande wa pili wageuze shingo. Ukienda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement, utaona kwamba kuvuta umati kulikuwa taaluma. Kwa hiyo roboti yako isipojigeuza mbele ya watu, usiilete. Na usiigeuze mara ya kwanza. Wacha waione lori, waizoee, waanze kuondoka. Hapo ndipo mguu ushuke.

Ipo pia njia ya serikali. Viwanja vya Nyakabindi hapa Bariadi vilibeba Nane Nane ya kitaifa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, na mkoa mzima ulijifunza lugha ya banda. Bandani hakuna mdoli. Kuna ubunifu. Kiongozi akisimama mbele yako na kuuliza hii inamsaidiaje mkulima, usithubutu kusema inageuka mtu. Sema inaongeza thamani ya mabua. Ataitikia kwa kichwa na msafara utasogea. Akiuliza changamoto, jibu ni mtaji, usitaje mbuzi. Na onyesho lifanyike mchana kweupe, maana kitu kinachojigeuza mtu saa mbili usiku, kwetu kitaulizwa maswali ambayo wewe na ubunifu wako hamtaweza kuyajibu.

Sisi tulianzia gulioni. Nilitandika khanga, nikaweka kazi zetu mbili. Mzee mmoja aliyekuja kuuza dume alisimama, akasema “Mwadila,” tukaitikia, akaelekeza fimbo kwenye kazi yangu ya plastiki na kuuliza kama choo hicho ni cha shimo au cha maji. Kisha akaliona lori. Mpwa wangu hakusema neno. Alilisukuma mbele, akalirudisha, akalifunga kamba kana kwamba anaondoka. Mzee alipogeuka, bodi ikafunguka ikawa miguu, kebini ikapanda, kichwa kikatoka. Mzee akaacha kamba ya dume.

Lile dume tulilikamata kwenye mashuka ya mtumba, na hiyo ni habari nyingine. Tuliporudi nyumbani jua linazama, tukakuta lori la kweli, lenye injini, limeegeshwa mlangoni, bodi iko wazi, na tripu nzima ya matofali ya kuchoma imeshushwa chini ya mwembe wangu. Dereva alikuwa amekaa juu yake anasubiri hela. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

Mpwa wangu aliyazunguka mara mbili, akainua moja, akalipuliza vumbi.

“Mjomba,” akasema, “na haya yanakunjwa wapi?”